Nimefanya kazi Marekani miaka kumi na tano, pensheni yangu iko wapi?

Shikamoo Mama,

Nakuandikia usiku, mtoto amelala na meza imejaa karatasi. Mimi ni mwalimu wa hisabati, nina miaka 41, mzaliwa wa Likoni. Oktoba 2010 niliingia Marekani kwa bahati nasibu ya grinikadi, nikafikia kwa binamu yangu Dallas, Texas. Nilianza kama wengi wetu tunavyoanza: nyumba ya wazee, zamu za usiku, kugeuza wagonjwa na kutandika vitanda, mchana darasani. Kazi hiyo niliifanya hadi 2017. Mwaka 2016 nikaapishwa uraia wa Marekani, na wa Kenya sikuuacha. Agosti 2017 nikaajiriwa na shule ya serikali kama mwalimu, nikafundisha miaka minane bila kukatiza.

Mwaka jana mama yangu alipata kiharusi. Ndugu zangu walijitahidi, lakini mimi ndiye binti pekee, na kila nilipopigiwa simu usiku moyo ulinilipuka. Nikatafuta kazi karibu na nyumbani, nikaipata katika shule ya kimataifa hapa Nairobi, nikaanza Agosti hii ya 2025. Mshahara ni mzuri, mwanangu wa miaka 12 anasoma hapo hapo bila karo, na kila mwisho wa mwezi tunapanda treni kwenda Mombasa kumwona bibi yake.

Basi nilipopata hati yangu ya kwanza ya mshahara niliisoma mstari kwa mstari. Kodi ya mapato ipo. NSSF shilingi 4,320 ipo. Bima ya afya ya asilimia 2.75 ipo, na ile ya nyumba asilimia 1.5 ipo. Social Security, yaani pensheni ya serikali kuu ya Marekani, haipo. Nikaenda ofisi ya ajira kuuliza, nikajibiwa kwa upole kwamba wao hawaikati, hawajawahi kuikata.

Nikamweleza mwalimu mwenzangu Mmarekani. Yeye alifundisha Seoul kabla ya kuja Kenya, akaniambia nisijali, miaka ya kazi ya nje huunganishwa na ya Marekani. Kaka yangu naye akasema raia wa Marekani hakosi hela ya uzeeni, hata asiyefanya kazi hulipwa. Nilikuwa nimeanza kutulia. Kisha nikafungua akaunti yangu ya Social Security mtandaoni, nikaona nina krediti 29, na ili nipate pensheni zinatakiwa 40. Mama, nilidhani mtandao umekosea. Miaka kumi na tano ya jasho, na krediti 29? Ile miaka minane ya ualimu imeenda wapi?

Juu ya hayo, binamu yangu wa Dallas anasisitiza nitoe pesa zangu zote kwenye mfuko wa walimu wa Texas, TRS. Zimefika dola 36,000 na kidogo. Anasema pesa iliyo mkononi ndiyo pesa, nimalizie nyumba niliyoanza Mtwapa, kwa kuwa huko uzeeni serikali yenyewe itakuwa imebadilika. Fomu ya kuzitoa nimeshaijaza, bado kuituma tu.

Je, nimepoteza? Krediti 11 zilizobaki naweza kuzipata nikiwa Kenya? Na hiyo fomu niitume? Sijamwambia mama chochote. Yeye anaamini mimi ndiye niliyejipanga kuliko watoto wake wote.

Mwalimu wa Hisabati, Nairobi

—

Marahaba mwanangu,

Fomu usiitume. Iweke kwenye droo, tena uifungie, kisha turudi kwenye swali lako la kwanza, kwa sababu jibu lake ndilo linalofungua mengine yote.

Tafuta hati yoyote ya mshahara wako wa ualimu kule Texas. Utaona mstari wa TRS, ambao kwa miaka ya karibuni mwalimu hukatwa asilimia 8.25. Utaona mstari wa Medicare, bima ya afya ya wazee ya Marekani, asilimia 1.45. Sasa tafuta mstari wa Social Security wa asilimia 6.2. Hauupati. Kisha chukua hati ya zamani ya nyumba ya wazee. Hapo asilimia 6.2 ipo, na mwajiri wako aliongeza asilimia 6.2 nyingine kutoka mfukoni mwake. Krediti zako 29 zinatoka hapo. Ulipata moja mwishoni mwa 2010, na nne kwa kila mwaka kuanzia 2011 hadi 2017. Mtandao haujakosea hata kidogo.

Miaka yako ya ualimu haikuibwa na mtu. Texas ni moja ya majimbo, pamoja na California, Illinois, Ohio, Massachusetts na mengine, ambamo wilaya nyingi za shule hazimo kabisa katika Social Security. Walimu wake wana mfuko wao wa jimbo. Ungefundisha Minnesota au New York ungekatwa vyote viwili na leo ungekuwa umeshavuka 40. Nasema hivi kwa uchungu, kwa kuwa nilikaa dirisha la uhasibu wa shule kwa miaka mingi na najua hakuna anayemkalisha mwalimu mpya chini akamweleza jambo hili siku ya kusaini mkataba. Mgeni aliyetoka nyumba ya wazee akaingia darasani anaona amepanda cheo, na kweli amepanda, lakini siku hiyo hiyo saa yake ya Social Security inasimama.

Kwa hiyo hukuanza kukosa krediti ulipotua Nairobi. Ulianza 2017, ukiwa Dallas.

Kuna zuri ndani yake. Mstari ule wa Medicare ulikatwa miaka yote minane, na kwa Medicare miaka hiyo inahesabiwa. Ukijumlisha na ile ya nyumba ya wazee umeshavuka krediti 40 zinazotakiwa na Medicare, kwa hiyo ukifika 65 sehemu ya A ya Medicare, ile ya kulazwa hospitali, ni yako bila malipo ya kila mwezi. Ila Medicare hailipi hospitali ya Mombasa wala ya Nairobi. Ni kinga ya siku utakapokuwa Marekani. Kwenye taarifa ile uliyoifungua mtandaoni kuna safu mbili za mapato, moja ya Social Security na moja ya Medicare. Angalia mwaka 2018 na kuendelea: ya kwanza sifuri, ya pili imejaa. Pakua taarifa hiyo leo uihifadhi pamoja na fomu zako zote za W-2, zile za mwajiri zinazoonyesha mshahara na makato ya kila mwaka.

Sasa rafiki yako wa Seoul. Hakukudanganya, amesema la kwao. Marekani ina mikataba ya hifadhi ya jamii na nchi 30, ya kwanza ikiwa Italia mwaka 1978, na Korea Kusini imo tangu 2001. Mikataba hiyo humzuia mtu asikatwe mara mbili, na humruhusu aliyepungukiwa krediti kuunganisha miaka ya nchi mbili ili afikie haki yake. Lakini katika nchi hizo 30 hakuna hata moja ya Afrika. Si Kenya, si Tanzania, si Uganda. Nchi za Ghuba ambako walimu wengi Wamarekani huenda kufundisha nazo hazimo. Shilingi 4,320 zako za NSSF ni zako, zitakungoja mpaka uzeeni, lakini hazikuongezei krediti hata moja kule.

Na kaka yako? Anachokisema ni mpango mwingine uitwao SSI, wa wazee na walemavu wasio na kitu, walioko Marekani kwenyewe. Anayekaa nje ya nchi siku 30 mfululizo hukatiwa. Hauwezi kuwa tegemeo la mtu anayetaka kuzeeka Likoni.

Mwajiri wako wa sasa je? Sheria yao iko hivi: raia wa Marekani anayefanya kazi nje hukatwa Social Security ikiwa mwajiri wake ni wa Kimarekani, maana yake serikali ya Marekani yenyewe au shirika lililosajiliwa kwa sheria za Marekani. Walimu wa shule za jeshi la Marekani zilizoko Ujerumani au Japani hukatwa, kwa sababu ni watumishi wa serikali. Wanaotumwa na misheni iliyosajiliwa Marekani mara nyingi hukatwa pia. Lakini shule iliyosajiliwa Kenya, hata kama ina neno American kwenye jina, hata kama robo tatu ya watoto ni wa ubalozi, hata ikipokea msaada kutoka Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, si mwajiri wa Kimarekani. Jibu ulilopewa ofisini lina kila dalili ya kuwa sahihi. Waulize swali moja tu la mwisho, shule imesajiliwa wapi na mkataba wako umesainiwa na chombo gani. Kama ni Kenya, funga ukurasa huo.

Haya, tuje kwenye krediti 11.

Krediti haihesabiwi kwa miezi uliyokaa kazini. Inahesabiwa kwa pesa. Kwa mwaka 2025, kila dola 1,810 za mapato yaliyokatwa Social Security zinakupa krediti moja, na kwa mwaka huwezi kupata zaidi ya nne, yaani dola 7,240. Hata ukizichuma ndani ya miezi miwili, mwaka ukiisha zote nne ni zako. Kiwango hupanda kidogo kila mwaka, mwaka 2024 kilikuwa 1,730, kwa hiyo weka cha juu kidogo kuliko unachodhani.

Wengi hufikiria kwanza kurudi Dallas likizo ya Juni na Julai na kushika zamu kwenye nyumba ya wazee. Inawezekana kama cheti chako bado kiko hai. Lakini piga hesabu, wewe ndiye mwalimu wake: dola 18 kwa saa, saa 40 kwa wiki, wiki nane, ni dola 5,760. Hizo ni krediti tatu. Utahitaji likizo nne, tiketi nne za ndege, na likizo nne ambazo mama yako hatakuona, ilhali yeye ndiye aliyekurudisha. Sikushauri.

Njia ninayokushauri ni tuisheni. Raia wa Marekani aliyejiajiri, popote alipo duniani, akipata faida ya kuanzia dola 400 kwa mwaka anatakiwa kulipa kodi ya waliojiajiri, asilimia 15.3, ambayo ndiyo Social Security na Medicare za upande wa mwajiri na mwajiriwa kwa pamoja. Wamarekani wengi wa nje huilalamikia sana, kwa kuwa hata msamaha wa mapato ya nje, ambao kwa 2025 unafika dola 130,000, hauiondoi. Wewe ndiye mtu ambaye kodi hiyo inamfaa. Kwa nchi isiyo na mkataba kama Kenya, hiyo ndiyo mlango wako wa kuingilia tena.

Hesabu yake ni hii. Kodi hutozwa kwenye asilimia 92.35 ya faida yako, kwa hiyo ili uhesabiwe dola 7,240 unahitaji faida ya takriban dola 7,840 kwa mwaka. Ukitoza dola 25 kwa saa, ni saa nane kwa wiki katika wiki 40. Kodi yake ni takriban dola 1,108. Ifanye miaka mitatu, umepata krediti 12, umefika 41.

Na wanafunzi unao. Wale watoto wa Wakenya na Watanzania wa Dallas ambao wazazi wao wako kazini zamu mbili, na aljebra inawashinda, nani atawaeleza vizuri kuliko mwalimu aliyewafundisha wenzao kwa mtaala huo huo wa Texas miaka minane? Saa tatu asubuhi ya Jumamosi Dallas ni saa kumi na moja jioni Nairobi katika miezi yao ya joto, saa kumi na mbili katika miezi ya baridi. Usikubali masomo ya jioni zao za katikati ya wiki. Utafundisha usiku wa manane na darasa lako la asubuhi litaumia.

Nina masharti matatu na sitayalegeza. Soma mkataba wa shule yako uone kama unaruhusu kazi ya pembeni, na hata ukiruhusu usimfundishe kwa malipo mwanafunzi wa shule yako. Kazi iwe ya kweli, yenye risiti na malipo yanayoonekana benki. Kuna watu hubuni kipato kwenye fomu ili wanunue krediti, na huo ni udanganyifu kwa serikali. Tatu, kipato hicho kitangaze na kwa KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya. Tafuta mhasibu anayezijua kodi za nchi zote mbili, umlipe mara moja kwa mwaka, ulale.

Unapata nini kwa taabu hiyo? Nimechukua wastani wa dola 28,000 kwa mwaka kwa miaka yako ya nyumba ya wazee, nikaongeza miaka mitatu ya tuisheni. Social Security hutazama miaka 35 ya mapato ya juu, na mwaka usio na kitu huingia kama sifuri, nawe utakuwa na sifuri zaidi ya ishirini. Hata hivyo, kwa fomula ya 2025, wastani wako wa mwezi unakuja kama dola 528, na sehemu hiyo ya chini hulipwa asilimia 90. Ni takriban dola 475 kwa mwezi ukianza kuchukua ukiwa na miaka 67, kila mwezi hadi mwisho wa maisha yako, na hupandishwa kufuata mfumuko wa bei. Kwa kiwango cha 2025 ni zaidi ya shilingi 61,000 za Kenya. Ukibaki na krediti 29, au hata 39, ni sifuri, na makato yako ya zamani hayarudishwi. Dola 3,300 na ushei za miaka mitatu zinarudi ndani ya miezi saba ya kwanza.

Ukishavuka 40, kila mwaka wa tuisheni kama huo utakuongezea kama dola 15 tu kwa mwezi, kwa hiyo huko mbele usijitese kwa ajili ya pensheni. Lakini kuna sababu nyingine ya kufika miaka mitano, nayo sikuiona kwenye barua yako.

Ni ulemavu. Kinga ya ulemavu ya Social Security humtaka mtu wa umri wako awe na krediti 20 ndani ya miaka kumi ya mwisho. Za kwako za mwisho ni za 2017, kwa hiyo kinga hiyo ilikuishia mwisho wa 2022 bila barua wala simu. Umeona mama yako alivyoangushwa na kiharusi asubuhi moja. Wewe ni mzazi wa mtoto wa miaka 12. Wiki hii iulize shule kama bima ya wafanyakazi wake inalipa mshahara mtu asipoweza tena kufanya kazi, kiasi gani na kwa muda gani. Kama hailipi, nunua yako. Tuisheni ya miaka mitano mfululizo itakurudishia na ile ya Marekani.

Kwa upande wa kifo hali yako ni nzuri kuliko ulivyodhani. Kwa mafao ya warithi hesabu ni krediti moja kwa kila mwaka tangu ulipotimiza 21. Kwa krediti 29 umefunikwa hadi 2035, bila kuongeza hata moja. Ukifa kabla mwanao hajafika 18, ambayo ni 2031, yeye atalipwa kila mwezi asilimia 75 ya kiwango ambacho kingekuwa chako. Mwambie mtu mzima mmoja unayemwamini habari hii na mahali ilipo kadi ya mtoto ya Social Security, kwa maana haki isiyojulikana na mlezi haidaiwi.

Sasa dola 36,000 na binamu.

Ulifundisha miaka minane, na TRS huhitaji mitano tu ili pensheni iwe haki yako. Fomula yao ni asilimia 2.3 kwa kila mwaka wa kazi, kwa wastani wa mishahara yako mitano ya juu. Miaka minane ni asilimia 18.4. Kama wastani wako ni dola 60,000, hiyo ni dola 11,040 kwa mwaka kuanzia ukiwa na miaka 65, yaani 920 kwa mwezi, mpaka kufa. Ukizitoa sasa, asilimia 20 zitazuiwa papo hapo kwa ajili ya kodi ya serikali kuu, na kwa kuwa hujafika miaka 59 na nusu kuna faini ya asilimia 10 juu yake. Kati ya dola 36,000 utabaki na kama 25,200, na miaka yako minane inafutwa kwenye daftari lao. Ukiziacha, utakuwa umerudishiwa 36,000 yote katika miaka mitatu na miezi michache ya kwanza ya kustaafu.

Sitakuficha udhaifu wake. TRS ya Texas haipandishi pensheni yenyewe kila mwaka kufuata bei za vitu. Hupanda pale tu bunge la jimbo linapoamua. Dola 920 za miaka 24 ijayo zitanunua kidogo kuliko za leo. Ndiyo maana nakusukuma sana kwenye zile krediti 11, kwa sababu pensheni ya Social Security ndiyo inayopanda na bei. Mbili pamoja zinasimama.

Na hapa umezaliwa na bahati ya wakati. Tangu 1983 kulikuwa na kanuni iliyompunguzia Social Security mtu mwenye pensheni nyingine ya kazi isiyokatwa Social Security, na ilihesabu hata pensheni za nchi za nje. Dola zako 475 zingeshushwa hadi kama 211 kwa kosa la kuwa mwalimu wa Texas. Walimu walipigania iondolewe kwa miaka mingi sana, wengine wakafa wakiwa wamekatwa. Kanuni hiyo imefutwa na sheria ya Social Security Fairness Act, iliyotiwa saini na Rais Joe Biden tarehe 5 Januari 2025, na kufutwa kwake kunahesabiwa tangu malipo ya Januari 2024. Ukikutana na mwalimu mwenzako aliyekuambia kwamba hakuna faida ya kufukuzia krediti kwa kuwa TRS itazila, alikuwa sahihi wakati ule. Sasa si kweli tena.

Jambo dogo la kodi, maana najua utakapofika Aprili utaambiwa ujaze fomu 2555 ya kusamehewa mapato ya nje kama wanavyofanya wote. Subiri kwanza. Kodi ya Kenya hupanda hadi asilimia 35, na kwa mshahara wa mwalimu kwa kawaida huzidi ile ya Marekani. Mwombe mhasibu apige hesabu ya njia nyingine, ya kupunguziwa kodi uliyokwisha kulipa Kenya, fomu 1116. Anayesamehewa mapato yote kwa 2555 huhesabiwa hana mapato ya kuweka kwenye akaunti ya akiba ya uzeeni ya Marekani, IRA, na hukosa ile sehemu ya nafuu ya mtoto inayorudishwa taslimu. Na akaunti zako za benki za Kenya zikijumlishwa zikavuka dola 10,000 siku yoyote ya mwaka, ziripoti. Faini yake ni kubwa mno kwa kosa la kusahau.

Binamu yako hakutakii mabaya. Watu wetu wengi wameona pesa za uzeeni zikiyeyuka, na ukuta wa matofali unashikika. Lakini nyumba ya Mtwapa unaweza kuijenga kwa mshahara wa Nairobi, chumba kwa chumba, nawe hulipi karo. Miaka minane ya Texas huwezi kuinunua tena.

Mama yako usimfiche. Mweleze kama ulivyonieleza mimi, pamoja na krediti 29 na zile 11. Mgonjwa wa kiharusi anaona mtoto wake anapomkwepa macho, na atadhani ni yeye aliyekuvunjia maisha yako.

Kisha waandikie TRS anwani yako mpya, na uwaombe nakala ya jina la mrithi ulilojaza 2017. Mwanao alikuwa na miaka minne wakati ule. Unakumbuka uliandika jina la nani?